Vioo Vyembamba vya Espérance

Siku niliyopata miwani mipya naikumbuka vizuri, mwanangu, na wivu wake sijauvua mpaka leo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, hapa Gisenyi, na Damascene alikuwa ananichumbia. Binamu yangu Espérance alivaa miwani yenye fremu pana na vioo vyembamba kama karatasi. Yangu ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Kila Damascene alipomsifu, niliivua yangu na kuificha. Msichana mwenyewe hata kupika hajui! (Mungu anisamehe, lakini hajui.)

Nikavuka mpaka hadi Goma, kwa fundi aliyetengeneza miwani ya Espérance, nikamwambia nataka kama ile.

“Ma sœur, namba ya macho yake iko kidogo, yako iko kubwa,” akasema. “Utwae lunettes, miwani ya kadogo, ya muviringo, na verre, kioo ile ya kukonda. Ukitwaa ya pana, pembeni itanenepa tu.”

“Bon, upunguze namba,” nikamjibu.

Alikataa, nikambembeleza hadi akachoka. Mwiga tembo hupasuka msamba, lakini wivu una masikio gani?

Vioo vilikonda kweli. Siku ya kuichukua miwani, Espérance alinisindikiza, nami nikarudi nimenyoosha shingo. Mpakani alisimama mama yake Damascene, aliyekuwa akivusha viazi vya Mudende. Alinifungulia mikono anikumbatie, kama tunavyosalimiana kwetu. Mimi niliona rangi ya kitenge tu, nikampita. Espérance akajitupa katika mikono ile.

“Ule binti ananipita kama vile niko jiti,” mama akasema kwa sauti. “Mukwe wa kuringa hivi, mi sitaki.”

Nilieleza, nikalia, nikaapa. Nani angeamini kwamba mwenye miwani mipya haoni? Ng’ombe wa mahari walikwenda kwa kina Espérance. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nina miwani inayonifaa, na wale wawili wakipita wameshikana mikono, ninawaona vizuri sana, na inaniuma.

Basi sikiliza, mwanangu. Namba ya macho yako ndiyo ichague kioo, si uso wa jirani. Ikiwa ndogo, kioo cha kawaida kinatosha. Ikiwa kubwa, chukua kilichokondeshwa, kwenye fremu ndogo, wala usikubali kupunguziwa namba hata chembe. Afadhali uchekwe unaona.

Nenda sasa kwa fundi wa miwani, Mungu akulindie macho yako, na akupe mchumba asiyejua kutazama pembeni.