Kofia Mbili za Sufu Katika Jua la Februari

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na herufi zangu zinaegemeana kama watu wanaorudi kutoka kwa harusi. Pia naandika polepole, wakati mtoto amelala. Mahali utakapoona neno limekosewa, ujue hapo aliamka.

Mimi ni mtu wa haya. Wageni wakija, huwa najificha jikoni hadi waanze kuaga, halafu natoka kuwaambia karibuni. Nilizaliwa upande wa Kapkatet, kwenye majani chai, nikaolewa huku chini karibu na Sigor. Kwa gari ni safari fupi tu. Kwa hali ya hewa ni kama nilivuka mpaka nikasahau kubeba pasipoti. Kwetu, hata Februari, ukiamka asubuhi unatafuta sweta. Huku unatafuta kivuli, na ukikipata unakuta ng'ombe wamekitangulia.

Hakuna aliyemweleza mama yangu jambo hilo. Kwetu mtoto anayependwa hujulikana kwa unene wa nguo zake. Mama huenda kuchuma chai umande ukiwa bado mzito, na mchana mvua ya mawe inaweza kumkuta katikati ya shamba, kwa hivyo mtoto hufungwa hadi pua. Mkono wa mtoto ukionekana nje, watu huuliza kwa upole kama mama yake ana shida nyumbani. Wanawake wakienda kumwona mtoto hubeba shali, na mwenye shali nzito kuliko wote ndiye mwenye upendo kuliko wote.

Basi msichana wangu wa kwanza alipofikisha miezi mitatu, Mama alikuja kumwona, pamoja na dada ya baba yangu, ambaye sisi tunamwita senge. Walikuwa na upendo mwingi sana. Ulijaa mfuko mzima. Shali tatu, sweta mbili, soksi nene kama za mtu wa kufanya kazi kwenye friji ya maziwa, na kofia mbili za sufu ambazo senge alizifuma mwenyewe. Nilidhani kofia moja ni ya siku nyingine. Hapana. Zote mbili zilivalishwa siku hiyo hiyo, moja juu ya nyingine, kwa sababu baridi ya huku hawakuifahamu na hawakutaka kuidharau.

Mume wangu alikuwa ameenda Siongiroi siku ya soko kuuza ndama. Siku zingine ndama huyo hakuwa na haraka ya kuuzwa, lakini siku wakwe wanapokuja, mwanaume hukumbuka mifugo yake yote.

Nyumba yetu ni ya mabati, haina dari. Saa sita mchana unaweza kusikia bati likilia ka, ka, ka juu ya kichwa chako. Wageni waliketi. Senge akasema kuna upepo unaingia dirishani, akafunga dirisha. Upepo wenyewe sikuuona. Nilikuwa nimeutafuta wiki nzima.

Tukanywa chai moto. Mama akalalamika kwamba huku kuna jua la kuua mtu, akafungua vifungo vya shingo. Senge naye akajipangusa jasho, akavua sweta yake mwenyewe, nzito, ya kijani, akatafuta mahali pa kuiweka. Aliiweka juu ya mtoto, aliyekuwa amelazwa kitini.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilikuwa na mdomo, tena wenye meno yote. Nilisema nini? Nikasema nitaongeza chai.

Mtoto alilia kidogo, kile kilio chembamba cha kuomba nyonyo. Niliponyosha mikono, Mama akaniambia nisimzoeshe vibaya, akamfunga mgongoni pamoja na sweta hiyo kwa shali ya tatu, uso wote ukiwa ndani, akamtikisa. Baada ya muda akanyamaza. Wageni walifurahi. Senge akamchungulia na kusema, "Huyu amelala kama mtoto wa waziri."

Nilicheka pia. Hiyo ndiyo shida ya haya. Unacheka kwanza, akili inakuja nyuma ikihema.

Akili ilipofika, ilikuja na nepi. Nilikumbuka kwamba nepi niliyomfunga asubuhi nilikuwa nimeigusa wakati wanamvisha, na ilikuwa kavu. Mtoto wangu kwa kawaida hulowesha nepi za kata nzima. Nikasimama nyuma ya Mama, nikaingiza kidole ndani ya shali hadi shingoni. Ilikuwa moto na kavu kama sufuria iliyosahauliwa kwa jiko. Alikuwa anapumua haraka haraka. Nikamgusa shavu, naye kwa kawaida akiguswa shavu hugeuza mdomo kutafuta. Hakugeuka.

Nilimwambia Mama anipe mtoto. Akanijibu, bila kugeuka, kwamba mtoto haamshwi, na kwamba mimi mwenyewe nilifungwa hivyo hivyo na niko hai. Senge akaongeza kwamba wasichana wa siku hizi wanasomea ulezi kwa simu. Simu yangu ni ya kubonyeza, haina hata picha, lakini sikuona ni wakati wa kumrekebisha.

"Mama, nipe mtoto wangu," nikasema.

Sikupaza sauti. Lakini sikuwahi kumwambia mama yangu neno lenye "wangu" ndani yake. Chumba kizima kilisikia, hata bati liliacha kulia. Sikungoja jibu. Nilifungua fundo la shali kifuani mwake kwa mikono yangu mwenyewe, jambo ambalo kwetu ni kama kumpokonya mzee kiti akiwa amekikalia.

Nilitoka naye nje, kwenye kivuli cha ukuta upande wa jikoni, ambapo upepo kidogo hupita. Nikaanza kuvua. Sweta ya senge. Shali. Shali. Sweta. Sweta. Soksi. Kofia, halafu kofia yake ya ndani. Ilikuwa kama kumenya kitunguu, na mimi nikilia vile vile. Chini kabisa nilimpata mtoto wangu, mwekundu, mlegevu, macho nusu. Nikachovya leso kwenye maji ya mtungi, si ya baridi sana, nikampangusa kichwa, shingo, kwapa, miguu, tena na tena, na kumpepea na sahani ya plastiki. Nikamwekea nyonyo mdomoni. Hakushika. Nikapangusa tena. Nikakamua matone kwenye midomo yake. Akalamba. Nikakamua tena. Mara ya tatu akashika, kwa unyonge, kama mtu anayekubali kazi yenye mshahara mdogo.

Senge alisimama mlangoni akisema mtoto atashikwa na nimonia mbele ya macho yake. Mama ndiye aliyesimamisha bodaboda.

Kwenye dispensari daktari, yaani nesi, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, alimpima joto, akamtazama utosi na ulimi, akaniambia niendelee kunyonyesha pale pale benchi. Kisha akauliza mtoto alikuwa amevaa nini. Mama alikuwa amebeba vile vitu vyote mkononi, asije akaviacha nyumbani vikaibiwa. Nesi akavihesabu kwa macho.

"Huyu mlikuwa mnampeleka wapi, Ulaya?"

Akauliza nani alimvisha. Nikasema ni mimi. Sijui kwa nini. Nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuliko kumtazama Mama.

"Si yeye," Mama akasema. "Ni mimi."

Nesi hakutugombeza sana. Alisema siku za jua kali nguo moja nyepesi inatosha, hata nepi peke yake ndani ya nyumba. Nisimfunike uso, hata tukiwa barabarani, bali nitafute kivuli. Nifungue madirisha. Nimnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, na maji nisimpe, maana hajafika miezi sita na maziwa yangu yana maji yake. Nikiona amelegea tena, au nepi imekaa kavu, nije mbio, nisingoje mtu aniruhusu. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Tulikaa hapo hadi jua lilipopungua. Mtoto akakojoa kwenye rinda langu, na sijawahi kufurahia rinda kulowa namna hiyo.

Ndipo Mama akaniambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwahi kusikia kwa mtu yeyote nyumbani. Kabla yangu alizaa mvulana. Alimpeleka shambani mwezi wa saba na shali moja tu, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Mvua ikawanyea. Kifua kikambana, na baada ya siku nne akawa ameenda. Watu wakasema hakumfunika vizuri.

Siku hiyo nilikuwa nimejitayarishia maneno makali ya kumwambia tukifika nyumbani, mengi, yaliyopangwa vizuri, mengine nimeanza kuyaandika hapa juu. Yote yaliisha. Nilimpa mtoto ambebe. Alimchukua akiwa na nepi tu, akamshika mbali kidogo na kifua chake, kama mtu anayebeba yai, na mikono ikawa inatafuta kitu cha kumfunikia. Haikupata. Akaanza kumpepea na kitabu cha kliniki, hadi mkono ukachoka, akabadilisha mkono.

Alikaa kwetu siku mbili zaidi. Kila asubuhi nilikuta mtoto amevaa soksi, na kila asubuhi nilizivua. Hatukuongea juu ya jambo hilo. Yeye alivisha, mimi nilivua, tukanywa chai.

Sasa wewe uliyesoma, labda una mama au mkwe kama wangu, aliyejifunza kwa uchungu na anayetaka mtoto wako asiwe uchungu wa pili. Ulimwambiaje? Uliongea au ulivua soksi tu? Niandikie, hata ukurasa mmoja, hata kwa kalamu inayokwama. Siulizi kwa kupitisha wakati. Mama amesema anarudi mwezi huu, na jua bado halijapungua.