Skrini ya Mkubwa Isiyouliza Jina

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani wa muda katika ofisi moja ya mifugo mjini Meru. Kazi yetu ilikuwa kuweka rekodi za ng'ombe wa wakulima: nani amezaa na dume gani, na ndama amepewa nambari ipi, ili mtu asije akampandishia mtamba baba yake mzazi. Nilipomweleza mama yangu huko Kangeta, alisema, "Kwa hivyo umesoma miaka yote hiyo ukaandike harusi za ng'ombe."

Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta. Yenyewe ilikuwa moja tu, kabati la chuma lililofungiwa katika chumba chake, na kutoka hapo nyaya zilipita juu ya dari hadi kwenye skrini sita katika ofisi sita. Skrini hazikuwa na akili zao zenyewe. Ukiiwasha yako, kabati lilikuuliza jina kwa kuandika neno login na nukta mbili. Ukajibu, ukaandika neno la siri, kazi ikaanza. Bwana aliyesomea mashine hiyo Nairobi alihamishwa, akaniachia funguo na kitabu kinene cha Kiingereza. Nilichaguliwa kumrithi kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kupiga taipu.

Skrini kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Mkewe alikuwa ameifumia skrini kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa palikaa chombo cha maua ya plastiki. Kwa mwaka mzima na zaidi hatukusikia lalamiko lolote kutoka ofisi hiyo.

Ndipo ikaja barua kwamba wageni kutoka makao makuu wangefika Ijumaa kuona jinsi kompyuta inavyomsaidia mkulima. Jumatatu asubuhi Mzee aliondoa maua, akakunja kitambaa, akawasha skrini, akaketi kungoja kuulizwa jina. Kioo kilibaki cheusi, na kijialama kimoja cha kijani kikapepesa pembeni. Alingoja mpaka saa nne, chai ilipopita, kisha akaniita.

"Hii kitu hainiulizi jina," aliniambia. "Karani wa stoo inamuuliza. Wewe inakuuliza. Mimi, hapana. Kuna mtu anataka kunionyesha kitu hapa?"

"Hapana, Mzee. Labda ni waya."

"Na waya ni ya nani?"

Alasiri hiyo iliundwa kamati ya watu watano. Daktari wa mifugo, aliyekuwa mwenyekiti, alisema skrini imeingiwa na baridi. Karani wa stoo alisema ni panya. Mwishowe walikubaliana kupigia simu wenzetu wa Embu, ambao walipewa mashine kama yetu.

"Yetu haijatusumbua hata siku moja," sauti ya Embu ilisema.

"Mmefanyaje?" mwenyekiti akauliza, kalamu tayari mkononi.

"Hatujaitoa kwa sanduku."

Mwenyekiti aliandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba Embu wako mbele yetu katika utunzaji wa vifaa.

Jumanne kamati ilileta fundi wa redio kutoka sokoni. Aliingia na miraa shavuni, akafungua ncha ya waya, akahesabu nyuzi zilizokuwa ndani na kutikisa kichwa. "Hizi ni nyingi sana. Redio inatumia mbili tu. Nikate hizi zingine?" Niliushika waya ule kwa mikono miwili mpaka alipokubali kwenda zake.

Jumatano Mzee aliniita tena. Safari hii hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Wageni wakikuta giza hapa Ijumaa," alisema, "Jumatatu utakuwa kwenu unapalilia maharagwe." Nilienda nyuma ya jengo nikalia. Mama wa chai, mjane kutoka upande wa Mbeere aliyekuwa na mikono minene na maneno machache, alinikuta huko akimwaga majani ya chai.

"Umeiangalia hiyo mashine ama umeisikia tu kwa kamati?" aliniuliza.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimeiangalia. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikisikiliza wanaume wakiizungumzia. Nilijipangusa macho, nikamwomba anisaidie kubeba, maana kamati ilikuwa inaandika ripoti na haikuweza kuinua kitu.

Tuliibeba skrini ya Mzee mpaka kwenye meza yangu, tukaichomeka kwenye waya wangu. Ikauliza jina mara moja. Kwa hivyo skrini ilikuwa nzima. Tukapeleka skrini yangu ofisini kwake, tukaichomeka kwenye waya wake. Giza. Kisha nikaingia chumba cha kabati, ambako kila waya ulichomekwa kwenye tundu lake, nikauchomoa wa Mzee na kuuweka kwenye tundu langu, na Mama wa chai akapaza sauti kutoka kule mwisho wa ukumbi, "Imeuliza!" Kwa hivyo waya nao ulikuwa mzima, hakuna panya, hakuna baridi. Kasoro ilikuwa kwa tundu lenyewe.

Kitabu kinene kilisema kuna faili inayoiambia mashine ni matundu gani ya kuulizia majina. Niliifungua. Kila tundu lilikuwa na mstari wake, na kwenye mstari wa Mzee palikuwa na neno moja la herufi tatu: off. Juu yake yule bwana aliyehamishwa alikuwa ameacha maelezo kwa Kimeru, akijua wazungu wa wafadhili hawatayasoma: "Hii ni ya mkubwa. Ameifunika kitambaa. Nimeizima mpaka siku atakayoihitaji, na haitafika."

Niliyafuta maelezo hayo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikaurudisha waya wa Mzee kwenye tundu lake, nikaliwasha, nikaiamuru mashine isome faili upya, nikakimbia ofisini kwa Mzee, ambako tulikuwa tumemrudishia skrini yake. Kamati nzima ilikuwa imekusanyika mbele ya kioo. Kilikuwa kimejaa mabano, mistari ya mshazari na herufi zisizotamkika.

"Hiki ni Kiarabu?" Mzee aliuliza.

"Ni virusi," mwenyekiti akasema, akirudi nyuma hatua moja.

Lakini kitabu kilikuwa kimenionya. Mashine na skrini lazima ziongee kwa mwendo mmoja, la sivyo zinasikiana kama watu wawili wanaopigiana kelele ng'ambo ya mto. Mstari wa Mzee ulikuwa umewekewa mwendo wa polepole sana. Nikarudi, nikaufananisha na mistari mingine. Safari hii nilipoingia ofisini, neno login lilikuwa limetulia kwenye kioo, na Mzee alikuwa amevua kofia.

Ijumaa wageni walifika. Mzee aliandika jina lake kwa herufi kubwa zote, kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa mlangoni kwake. Hapo mashine ikaanza kumjibu kila kitu kwa herufi kubwa: madume, mitamba, wilaya, tarehe. Mimi nilijua kwa nini. Kitabu kilisema anayejiandika hivyo hudhaniwa ana skrini ya zamani isiyojua herufi ndogo, na mashine humwonea huruma.

"Mnaona?" Mzee aliwaambia wageni. "Hawa wengine inawaandikia kawaida. Mimi inanipa heshima yangu."

Mgeni mkuu aliniangalia. Niliangalia sakafu. Akaandika kitu katika daftari lake, na nikamsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba hata yao iwekwe hivyo.

Jumatatu kulikuwa na tangazo ubaoni: ni marufuku mfanyakazi yeyote kujiandikisha kwa herufi kubwa isipokuwa Mkurugenzi. Wanakamati walipata barua za pongezi. Mimi nilipata ajira ya kudumu, cheo changu kikiwa Msaidizi wa Kamati ya Skrini, na kwa kweli nilifurahi, ingawa nilipomsomea mama barua yangu alitaka kujua kamati yenyewe ilifanya nini.

Wiki hiyo Mama wa chai alikuja mezani kwangu saa ya chakula, akajipangusa mikono kwa aproni mara mbili. "Nataka iniulize na mimi," alisema. Nilimfungulia jina lake mle ndani, nikamwachia kiti. Aliandika kwa kidole kimoja, kwa herufi ndogo, akitafuta kila moja. Mashine ilipomkaribisha kwa jina lake, hakugusa kitu kingine. Alikaa akilisoma mpaka saa nane, na siku hiyo chai ya jioni ilichelewa.