Kumuaga Mama Intaneti Ikiwa Imezimwa

Mama alifariki alfajiri, katika siku zile za uchaguzi walipozima intaneti. Kwetu maiti hacheleweshwi, kwa hiyo mazishi yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Dada yangu yuko Maskati, kuwahi asingewahi. Ila siku hizi tulishazoea: kabla sanda haijafungwa usoni, aliye mbali huonyeshwa kwa simu ya video, akaaga, akalia, mambo yakaendelea. Nilimpa habari kwa simu ya kawaida. Hakuuliza mengi.

"Nnataka nimuone tu," alisema.

Nikahangaika na VPN, zile programu za kupenya mtandao ukifungwa. Kwenye maghorofa yetu ya Michenzani watu walikuwa wakipeana VPN kama wanavyoombana chumvi. Hii ikikataa, jirani wa ghorofa ya juu anakuletea nyingine. Nilizijaribu zote nikiwa dirishani, huku nikiwalaani kimoyomoyo waliotukatia mtandao, na siombi radhi. Chumbani waoshaji walikuwa wameshamaliza. Uso wa mama tu ndio uliobaki wazi.

"Mpige picha, mtandao ukirudi utamtumia dada yako," jirani alinambia.

Nikakataa. Mama mwenyewe alishatuambia: kuonwa aonwe, kupigwa picha hataki, asije akabaki kwenye simu za watu.

Mara VPN moja ikashika. Dada akatokea, macho yamemvimba. Nikakimbilia chumbani.

"Mbona nnakuona wewe?" akauliza.

Kwa kiherehere changu sikuwa nimegeuza kamera. Nilipoigeuza, dada alikuwa ameshaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Tukamngoja. Sauti za wanaume zilisikika ngazini, wakiuliza kama tumekwisha. Mama mdogo akanishika bega.

"Basi, mwanangu. Kushaadhiniwa."

Akamfunika mama uso. Nilibaki na simu mkononi, nikiitikisa kama mtoto.

Mtandao uliporudi, siku kadhaa baadaye, dada alikuwa wa kwanza kunipigia. Picha ilikuwa safi kabisa, mpaka ikanitia hasira. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wageni wa msiba. Kisha akauliza polepole:

"Hukumpiga hata picha moja?"

"Mama alikataza, dada."

Alinikodolea macho, nikadhani ameganda tena.

"Nnajua alikataza," alisema. "Mie ningempiga."

Hata leo natamani ningemkaidi mama.