Siku Niliingia Oditwari na Abakosti ya Jirani

Ninyi muliokaa hapo kwenye mikeka, na wewe mama mwenye kupepeta mchele, acha kwanza huo ungo upumuzike. Nataka kuwaambia siku nilikuwa profeseri. Dakika kumi nzima! Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele huko hata mimi kicheko kilinikimbia.

Muangalie hiki kichwa. Kiko sawa juu kama meza, si kweli? Ni matofali ya ile shule ya juu, ile ya maprofeseri kule mulimani, njo yaliyokitengeneza hivi. Ningali kijana, nilibeba matofali toka tanuru ya kule mutoni Lukuga mpaka kule, elfu moja kwa siku, mvua ikinyesha naongeza ingine elfu. Tukainua kuta, tukaweka mabati. Siku walitia milango, wakatuambia: kazi imeisha, asanteni, mushuke.

Sikukanyaga tena mule ndani. Miaka yote hiyo niko bandarini nashusha magunia, nikiinua macho naona mabati yale yanang'aa, na kitu kinanikwaruza hapa kifuani. Nilitaka kuingia mara moja tu, nione wanafanya nini mule ndani ya matofali yangu. Mimi hata darasa la kwanza sikulikaa.

Basi binti yangu, muzaliwa wa kwanza, akamaliza sekondari. Ilikuwa wakati wa Zaïre. Ile shule ya juu ikaita watoto wanaotaka kuanza, waje watembelee, wasikilize somo moja. Nikasema: Mungu hajanisahau, nitamusindikiza. Nikakimbia kwa jirani, karani wa gari-moshi, nikaazima abakosti yake, ile koti ya wakubwa ya wakati ule, isiyotaka tai. Jirani ni mufupi, mikono ya koti ikaishia kwenye viwiko. Lakini vifungo! Vilikuwa vinang'aa mpaka muntu angeweza kujinyolea ndevu humo.

Kufika pale kwa santineli, mulinzi wa mulango, binti akanivuta kando.

"Papa, nakuomba, bakia hapa."

"Nibakie? Na hizi vifungo nani ataziona?"

"Utaanza hadithi zako, papa. Watanicheka miaka yote. Usiwaambie wewe ni papa yangu."

"Sawa, mama," nikamuambia. "Mimi ni muti wa hapa hapa. Enda."

Akaenda. Hakugeuka. Nikabakia na kicheko mudomoni, sijui nikiweke wapi.

Sasa, mujenzi hangojeaka mulangoni. Nilijua nyuma kuna mulango mudogo, njo tulikuwa tunapitishia simenti. Nikasema nichungulie, jicho moja, halafu nirudi kuwa muti. Nikasukuma. Kumbe ule mulango unatokea mbele kabisa ya oditwari, ile chumba kubwa ya kufundishia, pembeni ya tablo, ule ubao wa kuandikia! Wakati wetu tablo haikuwako. Nani angejua wangeitundika pale?

Wanafunzi mia tatu, pengine elfu, wakaona abakosti. Pa! Wote wima.

"Bonjuru, sitwayeni profeseri!" Sitwayeni ni mwananchi, njo vile tuliitana wakati ule.

Kule nyuma nikaona binti yangu, naye amesimama, macho yananiomba: papa, toka. Miguu ilitaka kutoka, kweli. Lakini mukono huu, huu hapa, ulikuwa umekwisha shika chaki. Nyepesi, jamani! Miaka yote niliwaza chaki ni nzito kama tofali.

"Mukae," nikasema. Wakakaa! "Leo tutasoma huu ukuta."

Nikawaonyesha pale kwa dirisha, mahali fundi alishikwa na homa, mustari ukapinda. Nikawaonyesha tofali moja yenye alama ya kidole changu, niliishika ingali mbichi. Nikawaambia siku moja nilibeba matofali mingi sana, mpaka ziwa likarudi nyuma kwa kuniogopa. Na wakaandika! Vichwa chini, kalamu kre-kre-kre. Hata ile ya ziwa wakaandika.

Nikawaza: kumbe njo hivi inakuwaka. Muntu anasema, wengine wanaweka maneno yake. Ningebakia pale mpaka leo, nawaambia kweli.

Mulango mukubwa ukafunguka, profeseri wao akaingia na makaratasi kwapani. Akaniangalia, akaangalia vifungo, akasema kwa heshima:

"Samahani, sitwayeni, sikuambiwa. Unafundisha somo gani?"

Kusema mimi ni mujenzi, watauliza mimi nimefuata nini. Kusema nimeleta mutoto, nilikuwa nimeahidi. Nikaiweka chaki polepole, kama yai la kuku.

"Mi napita tu," nikasema, nikageukia mulango wangu wa simenti.

Benchi ya nyuma ikalia. Binti yangu alikuwa wima, machozi huku, kicheko huku:

"Uongo! Anafundishaka uongo, profeseri, toka nizaliwe! Lakini huu ukuta ni kweli alijenga, na huyu njo papa yangu!"