Tambi kwa Mwenye Bucha

Pale Kiirua, ukitaka mbavu nzuri unaenda kwa Mwongera. Bucha yake iko kando ya barabara ya Nanyuki, na mwenyewe husimama ndani ya koti jeupe lililosahau weupe wake zamani, akikata nyama na kulalamika kuhusu bei ya ng'ombe. Watu walimwita Baba Mukiri, kwa jina la binti yake wa kwanza, naye aliitika kwa fahari. Ndipo Mukiri, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi Embu mjini, akaacha kula nyama. Na si nyama peke yake. Maziwa aliacha, mayai aliacha, siagi aliacha, hata asali alianza kuiangalia kwa mashaka.

Hebu fikiria! Mtoto wa bucha! Wateja walipata la kusema.

"Baba Mukiri, hiyo shoka sasa utamwachia nani?" walimwuliza, naye akawawekea mfupa mkubwa zaidi kwenye kilo, iwe adabu.

Lakini kicheko cha wateja hakikumwuma. Kilichomwuma ni kikopo. Kila alipokuja nyumbani, Mukiri alikuja na kikopo cha plastiki cha buluu, ndani yake dengu alizopika Embu, na mezani kwa baba yake alikifungua akala humo. Mtoto kuja kwao na chakula chake! Mwongera angevumilia kutukanwa sokoni mchana kutwa kuliko kusikia kile kifuniko kikifunguka.

Na alijua sababu. Krismasi moja alimpakulia Mukiri githeri, mahindi na maharagwe yaliyopikwa na nyama, akazichomoa zile nyama kwa vidole vyake, moja moja, kwa upendo mwingi, kisha akamsogezea sahani. "Kula sasa, nyama imetoka," alisema. Kwa maoni yake alikuwa amefanya wema mkubwa. Mukiri alisema asante, akaenda kulala na njaa, na aliporudi mara ya pili kikopo kilikuwa kwenye mkoba.

Basi mkewe Teresia alipokwenda Gachoka kumsaidia dada yake aliyejifungua, na Mukiri akapiga simu kwamba Jumapili anakuja, Mwongera aliapa. Safari hii kikopo kingerudi Embu bila kufunguliwa.

"Wewe ndiye utapika?" Teresia aliuliza kwa simu. Akacheka, akampa dada yake simu, na dada yake akacheka pia.

Mwongera aliwaacha na kicheko chao, akaenda kwa jirani yake Lydiah anayeuza mboga. Alitaka kupika tambi, kwa sababu Mukiri alizipenda tangu utoto.

Lydiah aliisoma kwanza pakiti ya tambi aliyomletea. "Hizi ni sawa, ni za ngano tu, hazina mayai. Lakini Baba Mukiri, nakujua. Usiziweke kwa moto halafu uende kanisa, kama githeri. Utarudi upate gundi."

"Kwani mimi ni mtoto?" Mwongera alisema. Alikuwa amepanga kufanya hivyohivyo.

Alinunua sufuria mpya, mwiko mpya na mafuta mapya ya alizeti. Baada ya kanisa akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni kwa Teresia kama mtu anayeingia kwa watu bila kubisha. Kwenye kukatakata hakuna aliyeweza kumfundisha kitu: vitunguu vilitoka vyembamba, karoti sawasawa, kitunguu saumu kikawa unga. Akakaanga, akamwaga nyanya, akaongeza minji, yaani njegere mbichi, na njugu za kusaga ili mchuzi uwe mzito. Tambi akazichemsha, akazionja, akazichuja, akaziweka kando, na akajipenda sana.

Lydiah akapita uani. Mwongera akachungulia dirishani kumweleza jinsi kazi ilivyo rahisi na jinsi wanawake wanavyoikuza bure. Nyuma yake mchuzi ukaanza kushika chini. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaongeza majimaji, akakoroga, akaendelea kujisifu.

Mukiri alifika na mkoba wake. Alipoziona tambi zimerundikwa kwenye hotpoti ya wageni, mchuzi mwekundu kando yake na dania juu, alisimama mlangoni.

"Ni nani amepika?"

"Ni mimi. Uliza Lydiah. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai."

Mukiri akatabasamu, akauweka mkoba sakafuni, mbali na meza. Mwongera aliona ulivyowekwa mbali, akataka kuimba.

"Nasikia harufu ya mchuzi mzuri, baba," Mukiri alisema alipopakuliwa. "Umetia nini?" Hakungoja jibu. Akafumba macho, akaanza kuomba. Alishukuru kwa safari, kwa mama, kwa mtoto wa Gachoka. "Na ubariki mikono hii iliyopika..."

Hapo Mwongera akafumbua macho. Kupitia mlango wa jikoni aliliona birika pembeni mwa jiko. Ni birika lake la supu. Kila jioni alibeba ndani yake supu ya mifupa iliyobaki bucha, na kila chungu kilichokauka katika nyumba ile kiliongezewa supu kutoka humo, tangu aoe. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe.

Hakuna aliyejua. Mukiri angekula, angeshiba, angesifu, na kikopo kingebaki kimefungwa. Maombi yalikuwa yamefika mwisho.

"Mukiri," alisema, "usiseme Amina kwanza."

Binti akafungua jicho moja.

"Hiyo mchuzi iko na supu. Ya mifupa. Sikukusudia, ni mkono tu. Hata kwa Mungu naona aibu."

Mwongera akautazama mkoba, akangoja kusikia kifuniko. Moyo ulimwuma kuliko ile Krismasi.

"Ungesema ni maji," Mukiri alisema polepole. "Watu wote huniambia ni maji."

"Najua."

Mukiri akainuka, akaingia jikoni, akalitoa birika nje. "Tambi za kwenye hotpoti hazijaguswa na mchuzi, si ndiyo? Basi nikatie nyanya zingine, baba. Mimi nitakoroga, wewe huaminiki."

Walipika tena, wakagombana juu ya chumvi, wakala mpaka Mwongera akalegeza mshipi. Mukiri aliomba aongezewe. Alipoondoka alikitoa kikopo mkobani akakiacha juu ya meza, kimefungwa bado. Mwongera akamkimbilia nacho mpaka barabarani.

"Kaa nacho," Mukiri alisema. "Nikija huku cha nini?"

Jumatatu wateja walimkuta Mwongera nyuma ya kaunta, katikati ya mapaja ya ng'ombe, akila dengu baridi kutoka kikopo cha buluu.

"Baba Mukiri! Hata wewe umeacha nyama?"

"Ni chakula cha mtoto wangu," alisema mdomo umejaa. "Akija kwangu hakihitaji."