Fundo la Kitenge

Juzi hospitalini nilimwona mwendesha boda aliyevunjika mbavu. Hakufungwa kitu kifuani. Muuguzi alikuwa akimhimiza, "Vuta pumzi ndefu, hata kama inauma." Nilitoka nje.

Miaka mingi kabla ya hapo, nikiwa bado mtoto, Baba aliletwa mchana nyumbani kwetu mtaa wa Munuki, ameanguka kutoka kwenye lori la matofali na kuvunjika mbavu, ananuka dizeli na vumbi. Jirani yetu Mama Akello, Mganda aliyeuza chapati, alikuja na kitenge akamzungushia kifuani.

"Vuta, mtoto," aliniambia. "Mbavu zikicheza, haziungi."

Niliweka goti mgongoni mwa Baba nikavuta mpaka akaguna. Akaanza kupumua kidogo kidogo, bila sauti, nami nikadhani maumivu yamekwisha.

"Una nguvu, binti yangu," alininong'oneza.

Kila asubuhi nililikaza fundo lile. Kikohozi kilipoanza, nikalikaza zaidi. Leo najua kwamba mbavu zisipopanuka mapafu hayajai, na nimonia huingia humo humo. Mbavu hazikumuua Baba.

Walipomwosha, fundo lilikataa kufunguka. Wakalikata kwa kisu, nami, Mungu anisamehe, nikaona fahari.