Makomamanga ya Chumba cha Nne

Pale ghalani kila mtu alimwita Mama Sweta, hata waliomzidi umri. Jua liwe la kupasua mawe, yeye angetokea getini na sweta lake la kijani, maana kazi yake ilikuwa ndani ya vyumba vya baridi, kuchambua makomamanga na kuangalia yanaendeleaje. Aliifanya miaka thelathini na sita. Siku hizi amestaafu, na akianza kusimulia habari za ghala lile, vuta kiti.

Alipoingia mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwao makomamanga yalifukiwa kwenye mchanga mkavu, ndani ya beseni lililokaa uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Baada ya wiki chache ganda lilikunjamana kama shavu la kikongwe, ila punje zilibaki tamu. Sasa akakuta vyumba vinne vyenye kreti hadi darini, matunda yamevishwa mifuko myembamba yasikauke, feni zinavuma kutwa. Akadhani baridi ikizidi, tunda nalo linazidi kudumu.

Aliyemtoa ujinga ni fundi wa mitambo, kijana mpole mwenye grisi hadi kwenye nyusi. Alimweleza kwamba tunda likichumwa halijafa. Linapumua, linakula akiba yake lenyewe, na baridi hulifanya lipumue polepole.

"Lakini ukilizidishia, linaumia kimyakimya," alisema. "Komamanga si nyama. Nyuzi sita zinalitosha."

Kwenye mlango wa kila chumba alikuwa ameandika kwa chaki: Sita. Usiguse.

Kila Jumatatu saa ya chai wakawa wanapasua tunda moja la kila chumba na kuonja kwa kijiko kimoja. Mwezi wa kwanza rangi haikupungua, pengine punje zilizidi wekundu. Wa pili, ule ukali unaochangamsha ulimi ulianza kufifia. Wa tatu, utamu ulikuwepo lakini umepooza, kama chai iliyosahauliwa mezani. Wenzao walicheka, wakasema hao wawili wanapima kitu kingine. Hawakukosea. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Waliishi pamoja miaka kumi na saba, wakajaliwa binti mmoja. Kisha fundi akaugua, ugonjwa wa wiki tatu tu, akaondoka. Mama Sweta aliporudi kazini alikuta maandishi ya chaki yanafutika. Akayakoleza. Tangu hapo, kila yalipofifia, aliyapitia herufi kwa herufi.

Ndipo akaja meneja mpya, kijana wa rika la binti yake. Alitaka matunda yavuke msimu, akaagiza vyumba vyote vishushwe hadi nyuzi mbili. Mama Sweta alipiga moyo konde akaenda ofisini kwake kumweleza.

"Mama, nimesimamia maghala ya nyama miaka minane," meneja alimjibu kwa heshima. "Sijaona kitu kilichoharibiwa na baridi."

"Basi niachie chumba cha nne, mwanangu. Hicho kimoja tu."

Akamwachia. Huenda alimhurumia.

Wiki ya kumi, kreti za vyumba vitatu zikatolewa. Makomamanga yalikuwa mekundu, yanang'aa, na meneja akawaita watu waje kuona. Siku ya tatu nje ya baridi, maganda yakaingia vishimo na mabaka ya kahawia. Mama Sweta akapasua moja. Zile tando nyeupe zinazotenga punje zimegeuka kahawia, punje zenyewe zimepauka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akaenda chumba cha nne, akapasua jingine. Ganda lilikuwa limesinyaa kidogo, lakini ndani tunda lilikuwa zima, punje nyekundu zimejaa maji.

Hakushangilia. Alikaa kwenye kreti tupu akalia, maana mtu aliyetaka kumwonjesha hakuwepo. Meneja alimkuta hapo. Alisimama kwanza, kisha naye akavuta kreti akakaa, akamuuliza amefundishwa na nani. Mama Sweta akamsimulia yote. Jumatatu iliyofuata, saa ya chai, meneja alikuja mwenyewe, akaomba afundishwe kuonja.

Binti wa Mama Sweta sasa ni muuguzi. Juzi alimuuliza kama komamanga la ghalani lina faida yoyote kwa wagonjwa. Mama Sweta akamwambia vitamini C hupungua siku baada ya siku, baridi huchelewesha tu. Lakini tunda lililotunzwa vizuri bado lina mengi ya kumpa mgonjwa. Anunue mapema, asingoje mwisho wa msimu.

Siku hiyohiyo walikula moja lililotoka shambani, kali, linalosisimua meno. Binti akalisifu, akasema haya ndiyo makomamanga.

"Ni zuri," mama alikubali. Akatafuna taratibu, akiangalia dirishani. "Lakini mimi nikipewa nichague, mwanangu, ningerudia yale ya mwezi wa pili ghalani. Yalikuwa yameanza kupoa. Baba yako na mimi tulikuwa tunabishana nani amalizie."